Wanafunzi wa vitengo maalumu wanahitaji karakana, si unga pekee

Mhariri,

Muhula unapokaribia kwisha, shule zetu zenye vitengo maalumu vya wanafunzi wenye ulemavu hutembelewa na wahisani. Wanaleta unga, sukari na sabuni, watoto wanapigwa picha, magari yanaondoka. Nawashukuru, maana zipo familia zinazouhitaji unga huo. Lakini mimi ni fundi wa majiko hapa Jua Kali ya Kamukunji, na ninachoona watoto hawa wakikikosa zaidi ni mahali pa kufanyia kazi na mtu wa kuwaelekeza, wiki baada ya wiki.

Mwalimu mmoja wa kitengo maalumu alituomba tuwapokee wanafunzi wake kila Alhamisi asubuhi. Wengine wana ulemavu wa akili, wengine usonji. Tukakaa naye tukapanga. Kukata bati la mapipa kwa tindo kulibaki kazi ya mafundi, kwa kuwa kingo zake ni kali mno. Wanafunzi wakapewa kukunja pindo la jiko juu ya kipande cha reli, kugonga ribiti na kupaka rangi. Kelele za nyundo hapa si haba, kwa hiyo wasioziweza tuliwatafutia vifunika masikio na kona ya nyuma.

Yuko kijana ambaye hesabu ya darasani ilikuwa imemshinda kabisa. Mwanzoni alinitazama tu. Nikaushika mkono wake juu ya mpini wa nyundo, tukagonga pamoja mpaka akauzoea uzito. Sasa nikimpa rundo la miguu ya majiko anaipanga mitatu mitatu, anaweka ribiti mbili kando ya kila mguu, na ikipungua moja ananivuta shati. Hiyo ni hesabu, Mhariri, na anajua ni ya nini. Mteja akifika, yeye ndiye anayemwonyesha jiko. Hataki mimi nilishike.

Wala hatuombi jambo geni. Kifungu cha 54 cha Katiba kinatambua haki ya watu wenye ulemavu kupata elimu ndani ya jamii. Mwongozo wa mtaala wa umilisi wa 2017 nao uliwawekea wanafunzi wasioweza kufuata masomo ya kawaida njia yao, inayopanda hatua kwa hatua hadi ufundi. Ufundi huo watajifunzia wapi ikiwa shule haina nyundo wala fundi? Sisi tuko hapa Eastlands, tumezungukwa na shule.

Kinachoniuma ni kwamba mpango wetu wote unamtegemea mwalimu mmoja. Akihamishwa, umekufa. Hakuna makubaliano yaliyotiwa saini, hakuna bima mtoto akikatwa na bati, na muhula uliopita kuna Alhamisi ambazo hawakuja kwa sababu nauli ya matatu ilikosekana. Wizara ya Elimu na Kaunti ya Nairobi ziketi na vyama vya mafundi, ziandike mkataba ambao mwalimu yeyote mgeni ataukuta ofisini, wenye bima na nauli ndani yake. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, nayo itafute namna ya kuwapima vijana hawa kwa kazi ya mikono yao, ili watoke na cheti.

Nao wahisani, pamoja na unga, watuletee glavu za ngozi za saizi ndogo. Tulizo nazo ni za watu wazima, na mtoto akizivaa hawezi kuishika ribiti.

Fundi wa majiko,
Kamukunji, Nairobi