YAH: MASHINE YA SUVIDI MLIYONIUZIA, NA ALICHONIFANYIA KIJANA WENU KAUNTA

Kwa Meneja, tawi la Arusha mjini.

Salaam. Naandika kwa heshima zote, japo heshima yenyewe imebaki kidogo. Mimi ni yule mama wa Njiro niliyekuja Jumatatu na boksi, sidhani kama kuna mtu dukani kwenu asiyenijua sasa hivi.

Waranti ni yenu, sina haja ya kuwasomea. Mashine hii ya kupikia chakula kilichofungwa kwenye mfuko, ndani ya maji ya joto unalolipanga mwenyewe, inadanganya. Ukiweka nyuzi 57 inaandika 57, maji yenyewe yana 46. Nimepima na kipimajoto cha maziwa cha jirani yangu anayegandisha mtindi, na kabla hamjasema hicho ndo kibovu, nilikitumbukiza kwanza kwenye maji yanayochemka kikasoma 95, na huku kwetu juu mita kama 1,400 maji yanachemkia hapo hapo, sio 100. Kwa hiyo msinijibu habari ya kipimo.

Kilichoniuma lakini ni kaunta. Nimefika na ushahidi wangu, mfuko mmoja wa nyama, kijana akaunyanyua juu akaita wenzake, "Njooni muone, mama anachemsha nyama kwenye rambo!" Watu wakacheka. Mtoto ana umri wa kitinda mimba wangu, ananiambia "wewe kapike ndizi nyama kwenye sufuria, hivi vitu vya wazungu hutaviweza."

Mi nilitakiwa nishtuke mapema, wiki ya kwanza nilipika karoti kwa 85 saa nzima zikatoka ngumu kama zimeng'olewa sasa hivi. Karoti isipofika nyuzi 80 na kitu hailegei hata uiache kutwa. Nikajilaumu mwenyewe, nikasema nimezikata nene. Sa Jumapili ndo ilikuwa kipaimara cha mwanangu, kidari kilo 4, nimekifunga vizuri hewa yote nje, saa 36 ili ile nyama ngumu ilainike bila kukauka, asubuhi nafunua mifuko imevimba kama maputo. Nikatoboa mmoja, tukatoka nje nyumba nzima. Siku moja na nusu kwenye maji ya uvuguvugu, hapo hujapika, umefuga bakteria. Mama mkwe wangu ana miaka 78, angekula ile nyama mngenijibu nini? Wageni walikula kuku wa kununua.

Halafu nije kwenu nichekwe. Yaani naomba nirudie maana naona hamjanielewa: ameshika mfuko wangu juu, kaunta imejaa wateja, anaugeuza geuza, anasema mifuko ya plastiki imepigwa marufuku mama utakamatwa. Zuio la 2019 ni la mifuko ya kubebea, sio vifungashio vya chakula, na hiyo mifuko MLINIUZIA NYIE, boksi zima, siku ile ile! Na wewe Meneja ulikuwa nyuma ya kioo, nilikuona, ulikuwa unacheka na simu sikioni. Nikaondoka na mfuko wangu unanuka, bodaboda mwenyewe akauliza mama umebeba nini.

Ninachotaka ni shilingi 420,000 zangu, zote, sitaki kubadilishiwa mashine nyingine ya aina hiyo. Na hela ya kidari. Na ya kuku, maana kama si nyie nisingewanunua. Na huyo kijana aniombe radhi pale pale kaunta, wateja wakiwepo, sio kwa meseji. Nilipoanza kuandika nilisema niwape siku 14 kiungwana, ila nikikumbuka kile kicheko naona siku 7 zinatosha.

Zikipita naenda Tume ya Ushindani na TBS, wote wawili. Na ile risiti mliyoniandikia kwa mkono badala ya kunipa ya EFD bado ninayo, TRA wataipenda. Kwa kweli hata hizo siku 7 nyingi, nipigieni kabla ya Ijumaa.

Mashine ipo kwenye boksi lake, haijaguswa tena. Mfuko wa nyama nimeuweka kwenye friza, mkitaka ushahidi njooni na yule kijana, nitamfungulia yeye mwenyewe anuse.

Mteja wenu (kwa sasa),
Mama wa Njiro