Taarifa za shule zije kwa Kiswahili pia

Mhariri, salamu. Mimi ni mama wa watoto wawili wako shule ya kati huku Marekani, yaani darasa la 6 mpaka la 8. Baridi ikianza kuisha tu ndo shule inamwaga matangazo, mara saa zinasogezwa mbele Jumapili ya pili ya mwezi wa 3 (mwaka jana wangu walikosa basi Jumatatu yake), mara likizo, mara mitihani ya jimbo, mara fomu za masomo, na yote kwa Kiingereza kwenye simu.

Hiyo ya masomo ndo imeniumiza. Mwanangu wa darasa la 8 alikuwa anachaguliwa hesabu atakayoanza nayo sekondari, mimi nikasaini nikidhani ni ruhusa ya safari, kumbe nshamchagulia hesabu ya chini na yeye hesabu anazipenda. Nililia.

Wazazi wenzangu tuliotoka Kongo, Burundi, Tanzania, jueni kwamba shule inayopokea hela za serikali kuu inabanwa na sheria ya haki za raia ya 1964, taarifa muhimu lazima tuzipate kwa lugha tunayoelewa na mkalimani ni bure. Ombeni mapema, msimfanye mtoto atafsiri kikao chake mwenyewe jamani. Na chanjo ya pepopunda na kifaduro ulizieni sasa hivi, majimbo mengi wanaitaka kabla ya darasa la 7.

Mhariri, naomba mtutengee kona ya wazazi kila Machi, hata nusu ukurasa.

Mama wa watoto wawili, Kentucky