Barua ya Wazi kwa Waziri wa Habari na Utamaduni wa Afghanistan: Udongo wa Ai Khanoum

Mheshimiwa Waziri,

Ai Khanoum, mji wa Wagiriki wa Bactria, ufalme wa kale wa Asia ya Kati, uko mkoani Takhar, pale mto Kokcha unapoingia Amu Darya. Wanaakiolojia wa Kifaransa wakiongozwa na Paul Bernard waliuchimba hadi 1978. Vita vilipoingia wakaja wasaka sarafu na vifaa vya kutambua metali, wakauacha umejaa mashimo.

Tunaomba ulinde udongo wenyewe, si vitu peke yake. Katika hazina ya jumba la kifalme lilipatikana andiko la falsafa la Kigiriki ambalo karatasi yake ya mafunjo ilishaoza yote. Wino ndio uliobaki, umeshika kwenye udongo laini wa matofali mabichi yaliyobomoka. Mwenye koleo na haraka angelitupa kama kifusi! Humo humo kulikuwa na chungu cha mafuta ya zeituni kilichoandikwa "mwaka wa 24". Wataalamu wengi huuhesabu kuwa wa utawala wa mfalme Eucratides, na kwa huo anguko la mji hukadiriwa kuwa karibu 145 KK. Chungu hicho kingeuzwa sokoni bila kujulikana kilitoka chumba gani, kisingetufundisha hayo.

Mashimo yasifukiwe kwa buldoza. Kila shimo kwanza lipigwe picha, lipimwe na kuwekwa kwenye ramani. Kingo zisafishwe kwa mwiko hadi tabaka zionekane, zichorwe. Kifusi cha pembeni kipite kwenye chekeche la milimita 5, maana vigae na lakiri za udongo hubaki humo. Kisha kitandikwe kitambaa kinachopitisha maji, ili atakayechimba baadaye ajue mwisho wa shimo. Udongo mkavu usio na chumvi urudishwe kwa tabaka za sentimita 20, ukishindiliwa kwa mkono, na juu uachwe na mwinuko kidogo maji yasituame.

Nailoni isitumike, wala saruji. Nailoni hufungia unyevu chini. Saruji huulazimisha utokee kwenye matofali, na chumvi inapokauka humo huyamega kuanzia kitakoni. Ukuta huanguka ukiwa mzima juu.

Wanakijiji wa jirani walipwe kwa siku kwa kazi hii na kwa ulinzi. Ianze kiangazi, kabla theluji haijajaa mashimoni.

Kwa heshima,
Wanafunzi wa historia ya Bactria