Kabla ya kumtoza jirani, pimeni maji usiku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu ambaye barua yake mliichapisha hivi karibuni. Alishauri kwamba katika majengo ya ghorofa yenye mita moja, bili ya maji ikipanda, familia zenye watu wengi zitozwe zaidi. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi katika jengo la ghorofa nane hapa Upanga, lenye nyumba 48. Ushauri huo sisi tuliutekeleza mwaka jana. Tulikosea vibaya, na aliyeumia hakuwa na kosa lolote.

Kwa miaka mingi jengo letu lilikuwa likitumia uniti 580 hivi kwa mwezi. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa ikitumia wastani wa lita 400 kwa siku, kiasi cha kawaida kwa familia ya watu wanne. Kisha bili zikaanza kupanda. Mwezi wa kwanza uniti 700, wa pili 850, wa tatu 940. Hakuna nyumba iliyoongeza watu, hakuna bomba lililopasuka, hakuna ukuta uliolowa. Mamlaka ya maji walikuja kuikagua mita, wakasema ni nzima. Na kweli ilikuwa nzima.

Tukaitisha kikao pale kwenye maegesho. Hakikuchukua nusu saa kabla macho yote hayajaelekea kwa mama mmoja wa ghorofa ya kwanza. Alikuwa na watoto wake na wa marehemu dada yake, jumla watu tisa ndani ya nyumba, na alikuwa akijipatia riziki kwa kufua nguo za watu. Kamba zake za nguo kila apitaye getini alikuwa akiziona. Ikaamuliwa alipe mara mbili ya wengine. Barua ya kumjulisha niliiandika mimi, nikaisaini, nikampelekea. Aliisoma mlangoni, akauliza jambo moja tu: "Katibu, mmepima?" Sikuwa na jibu. Alilipa miezi miwili, wa tatu akahamia Mbagala.

Bili iliyofuata ilikuja na uniti 945.

Hapo ndipo nilipokaa chini na kalamu nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla ya kuandika ile barua. Tuseme mama yule alikuwa akitumia ndoo 20 za lita 20 kila siku kufulia, bila kupumzika hata Jumapili. Hiyo ni lita 400 kwa siku, yaani uniti 12 kwa mwezi. Sisi tulikuwa tukitafuta uniti 360. Hata angefulia mtaa mzima asingefika huko. Uniti 360 kwa mwezi ni lita 500 kila saa, usiku na mchana, na hakuna binadamu anayefua saa tisa usiku. Maji yanayopotea kwa mtindo huo yanatoka mahali pasipolala.

Kwa hiyo tukaanza kupima usiku. Mara ya kwanza tulisoma mita saa saba usiku, tukairudia saa kumi alfajiri, tukakuta imekimbia sana. Tukapiga kelele kwamba bomba la chini ya ardhi limetoboka, na nusura tuvunje zege la maegesho. Bahati nzuri fundi wetu wa bomba alituzuia. Maji ya jengo letu hayaendi moja kwa moja kwenye nyumba. Yakishapita kwenye mita yanaingia kwenye tangi la chini, pampu inayasukuma hadi matangi matatu ya darini, kutoka huko ndiyo yanashuka kwa watu. Usiku ule mita ilikuwa ikijaza tangi la chini lililokuwa limepungua jioni. Tulikuwa tumepima kiu ya tangi, tukadhani ni uvujaji.

"Katibu, tugawe jengo vipande," akasema fundi. Usiku wa pili tulihakikisha matangi yote yamejaa, tukafunga koki ya kuingilia tangi la chini. Kile kigurudumu chekundu cha kwenye mita, kinachozunguka hata maji yakipita kidogo sana, kikasimama kabisa. Bomba la ardhini likawa halina kosa. Tukazima pampu, tukatumbukiza ufito wenye alama kwenye tangi la chini na kusubiri saa mbili: maji hayakushuka hata ukucha. Tangi nalo likawa salama. Lakini darini, kati ya saa saba na saa kumi, matangi yalipungua lita 1,290. Lita 430 kila saa, jengo zima likiwa limelala.

Usiku wa tatu tukafunga koki za mabomba yanayoshuka jikoni, yote sita. Kasi ya kupungua ikabaki ileile. Tulipofunga yale sita ya vyooni, matangi yakatulia.

Asubuhi tukapita mlango kwa mlango na chupa za rozela. Juisi ile nyekundu unaimimina kidogo ndani ya tangi la choo cha kuflashi, unasubiri nusu saa bila mtu kukitumia. Ukikuta wekundu kwenye bakuli la choo, maji yanapita chini kwa chini. Katika nyumba 48, vyoo 19 vilitoa wekundu. Niliinama kwenye kimoja nikakitazama kwa makini. Hakikutoa sauti yoyote. Utando mwembamba kama uzi ulikuwa ukiteleza nyuma ya bakuli, na kama si ile rangi nisingeuona. Choo cha namna hiyo kilikuwa kikipoteza wastani wa lita 22 kwa saa, zaidi ya lita 500 kwa siku. Kimoja tu kinamshinda mfuaji wa ndoo 20.

Kwa nini vyoo 19 kwa mpigo? Fundi alichomoa ule mpira wa chini unaoziba tundu la tangi. Ulikuwa umevimba na kujikunja ukingoni, na nilipoushika ukaniachia weusi vidoleni. Akaniuliza watu wanaweka nini humu. Jibu lilinikata maini. Miezi kadhaa nyuma, kamati yetu ilinunua kwa jumla vidonge vya klorini vya kusafishia choo, vile unavyotumbukiza ndani ya tangi, tukagawa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya usafi. Klorini ikikaa humo siku zote inaula mpira. Walioviweka ndio waliovujisha. Yule mama hakuviweka. Choo chake hakikuvuja.

Kiasi kilichobaki tulikipata darini mchana, pampu ikiwa inafanya kazi. Boya la tangi moja lilikuwa limekwama, kwa hiyo pampu ilikuwa haizimwi kwa wakati na maji yalikuwa yakimwagika kupitia bomba la kutolea maji yanayofurika. Aliyejenga alilielekeza bomba hilo ndani ya mfereji wa mvua, yakawa yanashuka hadi mtaroni bila mtu kuyaona. Sasa tumelikata, linamwagia juu ya mlango wa kuingilia. Tangi likifurika, kila mtu atajua. Mipira mipya 19 ilifungwa kwa siku mbili, na mmoja bei yake haifiki kilo moja ya nyama. Bili iliyofuata ilisoma uniti 588.

Fedha za ziada tulizomtoza mama yule nilizipeleka mwenyewe Mbagala, pamoja na barua ya kumwomba radhi iliyosainiwa na kamati nzima. Alizipokea kwa heshima. Nyumba yake ya hapa ilikuwa imeshapangishwa.

Mhariri, sote tunakumbuka mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu uliposhuka kwa ukame na jiji likaingia kwenye mgao. Tulilala kwenye foleni za boza na ndoo mkononi. Jengo moja kupoteza lita 12,000 kwa siku katika jiji kama hili ni dhuluma kwa wasiopata hata ndoo moja, na siamini kwamba jengo letu liko peke yake.

Nawaomba wenye majengo wampe mlinzi daftari asome mita kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Sisi bili ya kwanza iliyopanda ilitufikia maji yakiwa yamevuja mwezi mzima. Na nawaomba wanaopitisha michoro ya majengo wasikubali tena jengo la makazi lisilo na nafasi ya mita ndogo kwa kila nyumba. Kwenye majengo yaliyokwisha kujengwa kazi hii ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kwetu, kila nyumba inapata maji kwa mabomba mawili tofauti, la jikoni na la chooni, kwa hiyo inahitaji mita mbili na kuvunja vigae pande mbili. Mwenye jengo amekubali kuanza na bomba moja la chooni, nyumba nane. Kama mabomba yangeunganishwa tangu kwenye mchoro, mita moja mlangoni ingetosha.

Katibu wa kamati ya wakazi,
Upanga, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)