Umri wa nyumba ya Fairbanks uulizwe boriti

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu nyumba kongwe za Marekani imesema kwamba nyumba ya shamba ya Fairbanks, iliyoko Dedham, Massachusetts, ilijengwa mwaka 1636. Naomba nafasi nisahihishe, maana mwaka huo umerudiwa mno hadi watu wameacha kuuliza ulitoka wapi. Mbao zenyewe zimepimwa, nazo zinaonyesha kwamba miti ilikatwa na nyumba kusimamishwa kati ya 1637 na 1641.

Tofauti yaonekana ndogo, lakini njia ya kuifikia ndiyo yenye uzito. Fundi hutoboa boriti ya mwaloni kwa keekee yenye tundu katikati, akatoa kijiti chembamba kinachoanzia nje kuelekea kwenye moyo wa mti. Kila pete ya ukuaji inayoonekana humo ni mwaka mmoja: mwaka wa mvua nzuri huacha pete pana, wa ukame nyembamba. Mpangilio huo hulinganishwa na ule wa miti ya eneo hilohilo ambayo miaka yake imekwisha kujulikana. Sharti kubwa ni kupata sehemu ambayo pete ya mwisho chini ya gome bado ipo. Ikiwa seremala aliichonga ikaisha, utajua tu mwaka ambao mti haukukatwa kabla yake. Boriti moja pia haitoshi, kwani huenda ilitolewa kwenye jengo la zamani zaidi. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, kwa sababu ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi. Ndiyo maana mwaka wa kukata mti na wa kujenga hukaribiana sana.

Hati za ardhi, ambazo wengi huzikimbilia, mara nyingi hueleza kiwanja na mipaka tu. Mtu aliweza kumiliki shamba miaka kadhaa kabla ya kuinua nguzo.

Tena nyumba hiyo haina umri mmoja. Jonathan Fairbanks na mkewe Grace, waliotoka Yorkshire, Uingereza, walianza na vyumba viwili chini, dohani kubwa ikiwa katikati. Baadaye kikaongezwa kipenu nyuma, kisha mabawa ya mashariki na magharibi. Vizazi vinane vya ukoo huo viliishi humo, na badala ya kubomoa vilikuwa vikiongeza. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la thamani kuliko sifa ya ukongwe.

Anayetaka kutofautisha sehemu za nyumba kama hii aanze na misumari. Iliyofuliwa na mhunzi mmoja mmoja huchongoka pande zote nne. Iliyokatwa kwa mashine, ambayo ilienea kuanzia miaka ya 1790, huchongoka pande mbili tu. Ya mviringo, ya waya, ni ya mwishoni mwa karne ya 19. Ubao wenye alama za msumeno zilizopinda kama upinde ulipasuliwa kwa msumeno wa duara, hivyo hauwezi kuwa wa enzi ya ukoloni wa Waingereza huko Marekani. Hapa tahadhari: msumari mpya katika ubao wa kale huenda ni wa ukarabati tu, kwa hiyo hautoi hukumu peke yake.

Makala pia imeishia kwa Jonathan, kana kwamba waliomfuata hawakuwapo. Rebecca Fairbanks ndiye wa mwisho wa ukoo kuishi humo. Aliondoka 1904, na mwaka huohuo nyumba ikawa mali ya chama cha wanaukoo, kilichoigeuza makumbusho. Mkiirudia habari hii, tafadhali jina lake nalo liandikwe.

Msomaji wenu