Barua ya wazi kwa kaka yangu mwalimu, kabla kiinua mgongo hakijaingia

Kaka, shikamoo.

Kwenye arobaini ya mama mkubwa, kila aliyekaa karibu nawe alikuwa na mradi wa kukupa. Mmoja alikuletea kuku wa mayai, mwingine bajaji, mjomba mashine ya kusaga, na yule kijana kutoka Njombe hakuchoka kuhesabu miche ya parachichi kwa eka. Uliwaitikia wote kwa heshima, kama kawaida yako, na kila mmoja aliondoka akiamini umemkubalia. Nilikuwa nakutazama. Mchana kutwa hakuna aliyekuuliza wewe unataka nini.

Ndiyo sababu ya barua hii, na naiandika hadharani kwa kuwa najua walimu wengi wa rika lako wako hapo hapo ulipo. Miaka 60 inabisha hodi, na fedha ambayo bado haijaingia imeshapangiwa matumizi na ndugu, majirani na marafiki.

Miaka hii mazungumzo yote ya kustaafu yamekuwa ya kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao. Mna haki ya kuyapigia kelele: mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja, uliwekwa 33% mwaka 2022, kisha kwa kundi lenu serikali ikaupandisha hadi 40% katika bajeti ya 2024/25. Ni jasho lenu, limekatwa kwenye mshahara tangu siku mliposhika chaki. Ila kikokotoo kinajibu swali la kiasi gani tu. Namna utakavyoishi hiyo miaka mingine, Mungu akikujalia, hakikuulizi, na kwa nilivyoona kazini kwangu, kwenye idara ya rasilimali watu, wastaafu wengi huanza kuyumba hapo, hata wale waliopata fedha nzuri.

Kaka, naomba uonane na kocha wa kitaaluma. Namaanisha mtu aliyesomea kazi ya kumsaidia mwenzake kufikiri mpaka aone anakotaka kwenda. Huyo hatakuletea mradi. Akikuletea, si kocha, ni mshauri wa biashara, na washauri unao wa kutosha.

Kazi hii ina historia ambayo wewe mwalimu utaielewa haraka kuliko wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko California, Timothy Gallwey alikuwa anafundisha tenisi, akaona kwamba mchezaji anayeulizwa anaona nini kwenye mpira unaomjia hujirekebisha vizuri kuliko anayemwagiwa maelekezo. Miaka ya 1980, John Whitmore, Mwingereza aliyewahi kuwa dereva wa magari ya mashindano, na wenzake akina Graham Alexander wakaipeleka njia hiyo maofisini. Wakaipa mpangilio unaotumika mpaka leo: unaanza na lengo, unatazama hali halisi, unazipima njia zilizopo, kisha unasema utafanya nini na lini. Angalia kilichotangulia. Sisi kwenye vikao vya ukoo huanza na tatizo, tukalizunguka mpaka usiku, na lengo tukalikumbuka watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vyao.

Nikupe mfano wa mhasibu mmoja niliyefanya naye kazi. Alikuwa ameamua kwamba kiinua mgongo chake kitanunua Coaster iingie barabarani. Mahesabu yote alikuwa nayo kichwani. Kocha hakubishana naye hata kidogo. Alimuuliza, "Gari ikishanunuliwa, saa nne asubuhi siku ya Jumanne wewe utakuwa wapi?" Mama wa watu akaanza kueleza: atakuwa gereji, au anampigia simu dereva kuuliza kwa nini hesabu ya jana haikutimia. Akanyamaza. Akasema mwenyewe kwamba miaka yote ya kazi alichokichukia kuliko vyote ni kuwafukuzia watu fedha. Kocha aliendelea kuuliza: hiyo Jumanne ungependa iweje? Yuko nani nyumbani? Mikono yako inashika nini? Vikao vilivyofuata walishughulikia hayo tu. Hakutoka na mradi wa kushangaza mtaa. Fedha aliiweka kwenye hatifungani za serikali, akakaa mwaka mzima bila kuigusa, na sasa anafundisha vikundi vya vikoba kutunza vitabu. Kinachonigusa ni kwamba akiletewa wazo jipya, na yanaletwa kila wiki, ana kitu cha kulipimia.

Hiyo ndiyo maana ya dira ya mtu. Inapaswa kuwa na saa, watu na mahali, kwa sababu "nataka maisha mazuri uzeeni" haikusaidii kukataa chochote. Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, waliofanya kazi ya tiba ya kisaikolojia Milwaukee, Marekani, walikuwa na swali ambalo makocha wengi wanalitumia: tuseme usiku wa leo, ukiwa usingizini, muujiza umetokea na shida yako imekwisha, asubuhi ukiamka, utaujuaje? Jaribu kulijibu kabla hujalala. Utashangaa jibu linavyokuwa na mambo madogo madogo yasiyo na bei.

Usidhani kwamba kuota kunatosha. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen ameonyesha kwa tafiti za miaka mingi kwamba mtu anayejipendezesha na picha ya mafanikio bila kutazama kinachomzuia mara nyingi hupungukiwa na bidii, kana kwamba ameshafika. Picha inapowekwa pamoja na kizuizi chenyewe, ndipo mtu hujua kama ajitume au aachane nayo mapema. Kwa hiyo kocha mzuri atakuacha uote vizuri, halafu atakuuliza kuhusu presha yako, ada ya mtoto wa mwisho, na ule ugumu wako wa kusema hapana.

Kuna jambo moja ninaloona makocha wengi hawalipi uzito. Vitabu vyao vingi vimeandikwa mahali ambapo mtu huamua peke yake. Kiinua mgongo chako kina ukoo ndani yake: wifi, watoto, shamba la baba, mimi pia. Usimfiche wifi. Mwambie kocha wazi tangu siku ya kwanza kwamba picha unayoichora ina watu wengine ndani, na kikao kimoja muende wawili. Yeye naye ana Jumanne yake, na hajawahi kuulizwa.

Kuhusu kumpata: jina la kocha mtu yeyote anaweza kujipachika, na wahamasishaji wa jukwaani wamelivaa kwa wingi. Muulize amesomea wapi na amekaa na watu saa ngapi. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa 1995, linadai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi kwa ngazi ya kwanza, na saa 500 za kazi kwa ngazi ya pili. Muulize pia kuhusu siri. Akianza kukusimulia wateja wake wengine, ondoka. Akikuahidi utajiri, ondoka haraka zaidi. Na kama kinachokukosesha usingizi ni kifo cha mtoto wetu, ambacho hatujakizungumza sawasawa, hapo pa kwenda kwanza ni kwa mnasihi. Kocha mwaminifu atakuambia hivyo mwenyewe.

Gharama najua itakuwa kizuizi. Vikao vitatu vya mwanzo nalipa mimi, na sitaki kusikia habari ya kurudisha. Ulinilipia ada ya kidato cha tano na sita kwa mshahara wa mwalimu. Vinaweza kufanyika kwa simu, huna haja ya kusafiri. Nimezungumza na mama mmoja mwenye sifa nilizozitaja, ana nafasi Alhamisi jioni kuanzia mwezi ujao. Niambie kama Alhamisi inakufaa au imegongana na kwaya.

Mpe wifi salamu zangu, na umsomee barua yote, hasa pale nilipomtaja.

Mdogo wako