Barua kwa binti yangu anayeenda kuchimba Mtuka

Tumaini mwanangu,

Nakuandikia huku WhatsApp maana kwenye simu unaongea haraka haraka, unasema "baba usiwe na wasi" halafu unakata. Wasi ninao. Juzi redioni wametangaza tena kifusi kimefunika vijana wanaochimba mchanga, na wewe Jumatatu unaenda kukaa mwezi mzima kwenye korongo la mto Mtuka, huko bonde la Rukwa, unachokonoa ukuta kutafuta mifupa ya dinosa. Usikae chini ya ule ukuta.

Mimi ni fundi, mchanga naujua. Hayo mawe mekundu ya Galula, lile tabaka la huko Mtuka unalonisifia, ni mchanga wa mito ya miaka kama milioni mia moja iliyopita, umeshikana sawa, lakini si zege lile mama. Ukiona ufa umeanzia juu, hata kama uzi, toka kwanza, picha baadaye.

Yule dinosa Mnyamawamtuka, watafiti si walimkuta juu kwenye ukuta 2004 wakawa wanarudi kila mwaka mpaka 2008? Sasa haraka ya nini, huyo mnyama hakimbii. Na yule mwingine, Rukwatitan, jina lake la pili ulisema maana yake aliyezikwa mara mbili, alifukiwa, akafukuliwa, akafukiwa tena. Wewe sitaki hata hiyo mara moja.

Saiti nawaambia wenzangu binti yangu anakokwenda ndo alikotoka dinosa mwenye jina la Kiswahili, huyo Mnyamawamtuka, mwaka 2019 wakamwandika kabisa moyowamkia kwa sababu pingili za mkia zina shepu ya moyo, basi wanacheka. Kale kamamba ka enzi za dinosa, Pakasuchus, saizi ya paka, kenye magego ya kutafunia, hako hata mama yako hakubali, anasema mamba gani huyo anatafuna. Nikamwambia kalipewa na jina la marehemu Profesa Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sasa nani atambishia profesa.

Lakini na wewe una kichwa kigumu, mwaka jana ulirudi na kidonda mguuni ukatuficha wiki nzima. Kofia ngumu vaa, hata wakikucheka. Na saa za kula msijibanze kwenye kivuli cha ukuta, hapo ndo watu wanapofukiwa, wamekaa wanakula.

Lile jiwe lako la utotoni lipo. Nimebomoa jiko nikalikuta kwenye msingi, pale nilipolitia mwenyewe. Limeshika saruji upande mmoja, nimelisugua na brashi, liko kabatini. Likiwa ni jiwe tu, si mfupa, usiniambie.

Mdogo wako ada nimelipa nusu. Mama yako anauliza magunia yake mawili ya katani uliyobeba yatarudi lini, mahindi yako sakafuni. Nimemwambia wanayachovya kwenye plasta wanafungia mifupa kama mguu uliovunjika, hayarudi hayo, hataki kusikia. Ongea naye wewe.

Baba yako